Seredani Chini ya Kitanda

Mjukuu wangu alizaliwa wakati wa masika, baada ya binti yangu kungoja miaka tisa. Miaka hiyo tisa sikuwahi kuizungumza na mtu. Nilimwambia Mola wangu tu, kila alfajiri, tena kwa maneno yale yale, mpaka nikaona haya kwa kujirudia. Siku nilipoletewa habari nilikuwa kwenye ukumbi wa hospitali, nikasujudu pale pale sakafuni. Mlinzi akadhani nimeanguka, akaja kuninyanyua kwa makwapa. Nikamaliza shukrani zangu nikiwa nimening'inia.

Mama yake binti yangu alikwisha kutangulia mbele ya haki, basi kazi ya kumlea mzazi ikashikwa na dada yangu mkubwa. Kwetu mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi, na hukaa ndani siku arubaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo, hulishwa vyakula vya pilipili manga, na baridi haimgusi. Dada yangu amewalea wazazi hapa Timbwani, Likoni, tangu mimi sijaota ndevu. Akiingia nyumba yenye mzazi, mwenye nyumba huwa mgeni.

Alikuja na kitanda chake cha kamba juu ya mkokoteni, na seredani yake, jiko la makaa la udongo ambalo limepata joto kuliko watu wengi ninaowajua. Kazi ya seredani ni kuwekwa chini ya kitanda ili joto lipande kwenye kamba na kumkausha mzazi mgongo. Makaa huyawasha uani kwanza, akayapepea mpaka moshi wote uishe na yawe mekundu, kisha akayafunika jivu, ndipo akaingia nayo ndani. Kwa hakika alikuwa mwangalifu. Kwake yeye, na kwangu mimi pia, makaa yasiyo na moshi yalikuwa hayana neno.

Kasoro ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa chumba. Mkwe wangu, afanyaye kazi bandarini, alikijenga ubavuni mwa nyumba yangu kwa saruji tupu. Alikitia dari ya mbao na madirisha ya vioo vya kusukuma yenye mipira pembeni, na akawa akijisifu kwamba humo hata mbu lazima abishe hodi. Juu ya dirisha palibaki matundu manne ya hewa. Siku ya nane mvua ilikuja na upepo, dada yangu akayaona.

"Njoo hapa," akaniita. "Matundu haya ya nini?"

"Ya hewa, dada."

"Hewa ya nini na mlango upo? Yazibe."

Nina miaka sabini na nilifundisha chuoni dini zaidi ya miaka thelathini. Wanafunzi wangu wengine sasa ni wazee wenye mvi, na bado wakinipita njiani huvua viatu. Lakini dada yangu akisema ziba, mimi huziba. Nilipanda juu ya kiti, nikayajaza matundu magazeti yaliyokunjwa vizuri, na chini ya mlango nikasokomeza kikoi changu kikuukuu. Kazi hiyo niliianza kwa bismillahi na niliifanya kwa ufundi. Nikashuka nikaitazama, nikajipongeza.

Tangu saa ile seredani haikutoka tena chumbani. Ilikuwa ikiongezwa makaa tu, kwa sababu ya baridi.

Siku ya tisa asubuhi binti yangu aliamka na kichwa kinamgonga. Alikula vijiko viwili vya uji, akautapika. Dada yangu naye, ambaye hajapata kuugua kitu mbele za watu, alikuwa amekaa chini na kitambaa kichwani, akisema miguu imekuwa ya pamba. Mtoto alilala. Alilala sana.

"Mtoto mwema," dada akasema. "Hata ziwa la mamake hataki. Ametosheka."

Halafu akanishika mkono akaninong'oneza kwamba yeye amekwisha kujua. Ni jicho. Na mwenye jicho pia anamjua.

Siku ya saba, watu walipokuja kumtazama mtoto, alikuja pia jirani yetu wa nyumba ya pili, mwanamke wa bara, Mkristo, ambaye huvuka kwa feri kila siku kwenda kazini kwenye matangi ya mafuta kule Changamwe. Mama mchangamfu, sauti yake husikika kabla hajafika. Aliingia, akamwona mtoto, akamfinya shavu na kusema, "Jamani, huyu mtoto ni mnono! Ni kama mkate!" Akacheka, akaketi, akanywa chai. Mashallah, kinga ya jicho, hakusema. Chumba kizima kiliisikia mashallah ile isiyosemwa. Dada yangu aliisema kwa niaba yake mara tatu, kwa sauti ya juu, lakini inaonekana haikutosha.

"Msomee," akaniambia.

Nikatia udhu, nikaingia, mlango ukafungwa nyuma yangu na kikoi kikarudishwa mahali pake. Mle ndani dada alikuwa amefukiza udi na ubani kwenye chetezo, harufu imejaa mpaka machoni. Nikakaa kwenye kigoda karibu na kitanda, nikaanza kusoma. Aya hizo nimezisoma tangu utotoni na ningeweza kuzisoma nikiwa usingizini. Lakini nilianza sura moja nikajikuta katikati ya nyingine. Nikarudi nyuma. Nikaanza tena, nikafika mahali pale pale, nikapotea pale pale, kama mtoto wa siku ya kwanza chuoni. Kipaji cha uso kikawa kinapwita. Ulimi ukawa mzito.

"Lina nguvu," dada akasema kutoka pembeni, kwa sauti ndogo. "Limekushinda hata wewe."

Nilitoka uani nitie udhu upya. Nikasimama kwenye manyunyu, na baada ya muda mfupi kichwa kikaanza kupoa na aya zikarudi, zimepangika kama shanga. Nikaingia tena ndani, zikapotea. Nikatoka, zikarudi. Mtu mwingine angejiuliza swali hapo. Mimi, kwa elimu yangu yote, nilikata shauri kwamba shetani aliyetumwa na jicho lile hapendi kunyeshewa.

Ikabaki dawa moja, na hiyo sisi tunaijua: aliyetia jicho huombwa anawe uso na mikono, na maji aliyonawia humwagiwa aliyeathirika. Ni jambo la haki na halina ugomvi. Ugumu wake uko kwenye kuomba.

"Nenda wewe," dada akasema. "Mimi nikienda nitamwambia ukweli."

Nikachukua beseni ya bluu, nikajifunika kichwa kwa mfuko wa nailoni, nikaenda kwa jirani.

Siku hiyo alikuwa na mapumziko. Nilimkuta barazani akifua nguo zake za kazi, zile nzito za rangi ya chungwa, na redio ikiimba nyimbo za kanisani. Alinyanyuka, akajipangusa mikono.

"Shikamoo, Mzee!"

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo sana. Nyinyi wote hamjambo?"

"Hatujambo, alhamdulillahi." Ndivyo tunavyojibu, hata kama nyumba inaungua. "Watoto hawajambo?"

"Wako shule."

"Na feri leo vipi?"

"Leo sijavuka, Mzee. Niko ofu."

"Ahaa. Na mvua hii."

"Mvua ni nyingi kweli."

"Ni rehema, lakini ni nyingi."

Nilikuwa nimeikumbatia beseni tumboni kama mtu aliyekuja kuiuza. Yeye akaitazama beseni, akanitazama mimi, akangoja. Mimi nikamuuliza habari za kazini. Akanijibu. Nikamuuliza habari za wazee wake huko bara. Akanijibu, wazima, mahindi yamekubali. Hapo nikawa sina tena jamaa wa kumuulizia.

"Mzee," akasema, "ni maji mnataka? Mfereji yenu imekauka?"

"Maji tunayo, mwanangu. Ila tulikuwa tunaomba... kama hutaona vibaya... maji ambayo wewe umenawia."

"Ya kunawa?"

"Uso na mikono. Humu ndani ya beseni. Kisha mimi nitakwenda nayo."

Sijui alifikiri nini, na mpaka leo namshukuru kwa kutocheka. Aliuliza kwa upole, kama unavyomuuliza mzee aliyepotea njia, "Kwani kuna nini huko nyumbani, Mzee?"

Nikamweleza kwamba mzazi haoni raha. Kichwa kinamuuma, anatapika.

"Ana homa?"

"Hana joto."

"Na Mama Mkubwa?"

"Naye kichwa. Na miguu."

"Na wewe?"

"Mimi nikiwa ndani tu. Nikitoka nje napona."

Nilimwona uso ukibadilika. Uchangamfu ulimtoka wote kwa mara moja, akabaki mtu mwingine, wa kazini.

"Mzee, mna jiko ndani ya hiyo chumba?"

"Ipo seredani, lakini haina moshi hata..."

"Na madirisha?"

"Yamefungwa. Matundu nimeyaziba mwenyewe," nikasema, na Mungu anisamehe, nilisema kwa fahari.

Aliruka ndoo ya nguo akatoka mbio, miguu mitupu, povu mikononi. Mimi nyuma yake na beseni.

Dada yangu alikuwa mlangoni. Alipomwona anayekuja alijitandaza, mkono huku na mkono huku, chetezo kinafuka mkononi.

"Wee! Huingii humu!"

"Mama, toka kwa mlango."

"Umekuja kumaliza?"

"Mama, hiyo makaa inawaua! Haina moshi, haina harufu, lakini inaua! Toka!"

"Makaa yamwue nani? Mimi nimewalea wazazi kwa seredani hii kabla mamako hajazaliwa!"

Jirani alimshika dada yangu kiunoni, akamnyanyua kama gunia la nazi, akamweka kando. Katika umri wangu wote sijapata kuona mtu akimweka dada yangu kando. Nadhani dada mwenyewe ndiye aliyeshangaa zaidi, kwa sababu alibaki pale alipowekwa.

Mlango ukasukumwa, dirisha likavutwa mpaka mwisho. Jirani alitoka kwanza na mtoto, akamtia mikononi mwangu, ndani ya beseni na nguo zake, maana beseni nilikuwa sijaiacha. "Kaa naye hapo nje, penye upepo. Usirudi ndani!" Akaingia tena amebana pumzi, akatoka na binti yangu mgongoni, kichwa kinamning'inia begani. Akamlaza barazani kwa ubavu. Mzazi wa siku tisa, nje, hana hata shuka, mtaa mzima unatazama na manyunyu yanapepea. Dada yangu alitoa sauti kama ya mtu aliyekanyaga msumari, akatafuta mwavuli, akasimama juu ya mzazi akimkinga, huku yeye mwenyewe anayumba mpaka mwavuli unamwaga maji palepale anapopakinga.

"Buibui langu," akasema ghafla. "Sendi popote bila buibui." Akageuka kuelekea chumbani.

"Hakuna mtu kurudi!" jirani akapiga kelele. "Kazini kwetu watu wanakufa hivyo ndani ya matangi, wa pili anamfuata wa kwanza!" Akavua kanga kiunoni mwake akamfunika nayo dada kichwa na mabega. Akamnyang'anya chetezo, akakigeuza kwenye dimbwi.

Mimi nilikuwa nikimtazama mtoto. Macho yamefumbwa, kinywa kimelegea. Nikampuliza usoni, nikamgonga nyayo kwa kidole. Akakunja mguu mmoja, polepole, akauachia. Hakulia. Nilitaka kumsomea, na safari hii nilikuwa nje, na kichwa kilikuwa kimetulia, lakini sikupata hata neno moja isipokuwa ya Rabbi, ya Rabbi. Miaka tisa, nikasema moyoni, kisha kikoi changu.

Tuktuk ilisimamishwa na jirani kwa kusimama mbele yake katikati ya barabara. Tuliingia sote. Binti yangu alilala mapajani mwa jirani, mimi nikakaa ukingoni kwa dereva na mtoto ndani ya beseni. Dada alisisitiza mwavuli ubaki wazi.

"Bibi, sioni mbele," dereva akasema.

"Mbele kuna nini? Wewe enda."

Hospitalini, jirani yetu alitangulia kuingia, na neno lake la kwanza kwa wauguzi lilikuwa, "Hawa wamevuta gesi ya makaa, watu wanne, mmoja ni mtoto wa siku tisa." Baadaye daktari alituambia kwamba sentensi ile ilitusaidia sana, kwa sababu wengine huletwa wakatibiwa malaria, wakapewa vidonge na kurudishwa kwenye jiko lile lile. Tuliwekewa hewa ya oksijeni sote kwa mifuniko ya usoni. Mtoto akatiwa kwenye kisanduku cha kioo na mrija wake. Mimi nikasema sijambo sasa, nimepona njiani. Daktari, binti mdogo mwenye miwani, akasema kujiona umepona si kupona, gesi ile hung'ang'ania damuni, naomba ukae, babu. Nikakaa.

Dada yangu aliuvaa mfuniko, lakini hakuacha kusema. Ulijaa ukungu kwa maneno.

"Muulizeni mtu yeyote Likoni. Nimewalea wangapi? Hakufa hata kuku!"

Daktari hakubishana naye. Alivuta kiti, akauliza, "Hizo nyumba za zamani, bibi, zilikuwaje?"

"Nyumba! Za udongo na makuti. Na juu, baina ya ukuta na paa, uwazi. Njiwa akiingia huku anatokea kule."

"Basi gesi nayo ilikuwa ikitokea kule. Makaa ni yale yale, bibi. Nyumba ndiyo imebadilika. Humo mwenu imekosa pa kupita ikakaa na nyinyi."

Dada akanigeukia.

"Na wewe ukayaziba! Mtu mzima, na elimu yako!"

"Wewe ndiye uliyeniambia, dada."

"Mimi nimesoma wapi?"

Hapo jirani, aliyekuwa ameketi kwenye benchi na miguu yake mitupu yenye matope, akaniuliza lile nililokuwa nikiliogopa. "Mzee, sasa ile maji ya kunawa ilikuwa ya nini?"

Uongo kwa mtu aliyekubebea mwanao mgongoni si jambo dogo. Nikamwambia. Nikamweleza jicho, na maji, na kwamba tulimdhania yeye, na nikamwomba radhi mbele ya wauguzi. Alinitazama kwa muda mrefu hata nikajuta kuwa mkweli.

"Yaani mlikuwa mnaniona mimi ni mchawi," akasema.

"Si mchawi. Jicho ni jambo jingine, mtu hata hajui kama analo."

"Na kama singekuwa na hiyo jicho, mngekuja kwangu leo?"

Nikafikiri. "Tusingekuja."

"Haya basi," akasema, na akaanza kucheka, kicheko chake kile kinachotangulia, mpaka muuguzi akamnyamazisha. Dada yangu alitazama ukuta.

Adhuhuri ikapita. Binti yangu alifungua macho akauliza mtoto yuko wapi, akaonyeshwa kisanduku, akalia bila sauti. Mimi nilisali nimekaa, kwa mrija wangu, nikamwambia Mola wangu kwamba sina la kujitetea. Sikumtajia miaka tisa. Anaijua. Nilimwambia tu kwamba nilikuwa juu ya kiti nikijipongeza, na kama kuna wa kuulizwa ni mimi.

Ilikuwa karibu na alasiri mtoto alipokunja uso. Uliiva, ukakunjamana kama tende, kinywa kikafunguka, na kwa muda hapakutoka kitu. Halafu akapiga ukelele. Sauti mbaya, ya kukwaruza, ya hasira, haina adabu hata kidogo kwa wagonjwa wengine. Dada yangu akavua mfuniko.

"Anataka ziwa!" akaamrisha. "Mpeni! Mnangoja nini?"

Tulilazwa siku mbili. Daktari alitaka kuwa na hakika juu ya mtoto, na alipokuwa na hakika alitupa ruhusa na onyo: hapana jiko la makaa chumbani, liwe na moshi au lisiwe nao, na kuacha dirisha wazi kidogo hakulifanyi kuwa salama. Watu wawili wakiumwa kichwa nyumba moja kwa wakati mmoja, kwanza watoke nje, sababu ijadiliwe wakiwa nje. Dada aliuliza, sasa mzazi atapata wapi joto? Wakashauriana, yeye na daktari, kwa muda mrefu kuliko nilivyotazamia, kama wakunga wawili. Wakaafikiana chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kanga, na kukandwa asubuhi na jioni kama desturi.

Nyumbani nilipanda tena juu ya kiti nikatoa magazeti. Yalikuwa yamebana sana. Ufundi wangu ulinichukua saa nzima kuufumua, na dada alisimama chini akinihimiza kana kwamba yaliwekwa na mtu mwingine.

Siku ya arubaini ilipotimia mzazi alitolewa nje, na watu walikuwa wengi, wa kwetu na jamaa wa mkwe wangu. Desturi ni kwamba aliyemlea mzazi ndiye humbeba mtoto kuvuka kizingiti kumwonyesha jua. Dada alisimama mlangoni amevaa kanga mpya, mtoto mikononi, amenona kweli kweli. Akatazama watu, akamwona jirani yetu amejibanza nyuma, karibu na ukuta, na sahani ya mandazi.

"Wewe!" akamwita. "Njoo umbebe wewe."

"Mimi, Mama? Si ni kazi yako?"

"Ni yangu. Lakini mimi nitavuka polepole, na wewe sote tumekwisha kukuona ukimtoa mtu nje mbio."

Jirani aliweka sahani chini, akajifuta mikono kwenye gauni, akampokea. Alivuka kizingiti polepole sana, hatua moja, akasimama, hatua nyingine, kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa mpaka ukingoni, na jua likamwingia mtoto machoni, akapiga chafya, watu wote wakasema alhamdulillahi.